SIKU SABA BILA KUWASHA JIKO

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja kwa akina mama wenzake, siku kikundi kilipoadhimisha miaka kumi)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Habari za sanduku letu, hisa na mikopo Mama Mwenyekiti amekwisha kuzieleza, sina la kuongeza. Mimi nimeombwa nizungumzie afya, na hasa lile jambo la kula vibichi ambalo wengi wenu mlilisikia nusunusu mtaani. Leo nitalieleza lote, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Mnakumbuka yule mfanyabiashara aliyekuja kwenye kikao chetu na pakiti za kusafisha mwili. Alisema mwili umejaa sumu, na pakiti zake zitaitoa kwa siku saba. Pakiti moja shilingi elfu sitini. Siku ile akina mama kumi na wawili waliomba mkopo wa dharura ili wanunue, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono. Mweka hazina wetu akasema, "Jamani, pesa za watoto wetu tunakwenda kuzimwaga chooni?" (Vicheko.) Basi nikaona aibu, nikasema: kwa nini tusijaribu wenyewe bila pakiti? Tule matunda na mboga mbichi siku saba, tuone. Tukajitokeza wanne.

Sisi hapa Morogoro hatuna udhuru wa kukosa mboga. Kabichi na karoti zinashuka kutoka Mgeta, ndizi na nanasi zinatoka milimani. Asubuhi nilikula papai na ndimu. Saa nne machungwa mawili. Mchana sahani kubwa ya kachumbari: kabichi, karoti, tango, nyanya na parachichi. Jioni tikiti na ndizi mbivu. Maji mengi, na siku nyingine dafu. Chai hakuna, ugali hakuna, jiko halikuwashwa kwa ajili yangu. Baba watoto na watoto waliendelea na chakula chao kama kawaida, na mimi niliwapikia huku nikimeza mate.

Siku ya kwanza nilijiona hodari. Siku ya pili kichwa kiliuma mpaka nikalala mchana. Mwenzangu akaniambia, "Ndiyo sumu inatoka hiyo." Kumbe si sumu. Mimi ni mtu wa vikombe vinne vya chai ya rangi kila siku, na anayeacha chai au kahawa ghafla anaweza kuumwa kichwa kwa siku kadhaa. Siku ya tatu tumbo lilijaa gesi kwa ajili ya kabichi, nikawa siwezi kukaa karibu na watu. Siku ya nne mwili ukawa mwepesi, choo kikawa kizuri, nikaanza kujisifu.

Siku hiyohiyo ya nne ndipo lilipotokea lile. Kati yetu wanne alikuwamo ndugu yetu mwenye kisukari. Nilijua anatumia vidonge vya kushusha sukari, lakini nilimwambia, "Njoo tu, dada, matunda yatakusaidia kuliko vidonge." Naomba mnisamehe, maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu. Yeye aliendelea kumeza vidonge, lakini tangu asubuhi alikuwa amekula kachumbari kidogo tu. Saa nane mchana akiwa kwenye cherehani yake alianza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Binti yake alikuwa na akili kuliko mimi. Alikoroga vijiko vya sukari kwenye maji akamnywesha, kwa sababu alikuwa bado anaweza kumeza, kisha tukamkimbiza zahanati.

Muuguzi hakunigombeza, lakini alinieleza nikaelewa. Baadhi ya vidonge vya kisukari hufanya kazi yake iwe umekula au hukula. Ukipunguza chakula bila kupunguziwa dawa, sukari inashuka mno, na mtu anaweza kuzirai, hata kufa. Vilevile mtu huyohuyo akinywa juisi ya matunda jagi zima, sukari inapanda. Kwa hiyo mwenye kisukari habadilishi chakula chake wala dawa yake bila kumwona daktari. Alituambia pia kwamba mgonjwa akishindwa kumeza, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Ndugu yetu huyo yupo hapa leo, mzima, na ndiye aliyeshona vitenge vyetu hivi tulivyovaa. Amenipa ruhusa niseme. Dada, mbele ya kikundi nakuomba radhi tena.

Wengine wasiofaa kujaribu mambo haya ni mama mjamzito, anayenyonyesha, watoto, wazee waliodhoofu na wenye ugonjwa wa figo. Mgonjwa wa figo anaweza kudhurika hata kwa ndizi na machungwa mengi, maana yana madini ambayo figo mbovu hazimudu kuyatoa.

Mimi nilimaliza siku saba. Nilipima uzito kliniki: kutoka kilo 71 nilifika 68. Nikacheza! Baada ya siku kumi za kula kawaida nikarudi 70. Nikamwuliza muuguzi, kilo zangu zimekwenda wapi na zimerudije? Akacheka, akasema: ini na misuli huweka akiba ya wanga, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Usipokula ugali, mwili unatoa akiba, na maji yanatoka nayo. Ukirudi kula, akiba inarudi. Si mafuta yaliyoondoka, mengi yalikuwa maji.

Na ile sumu? Akanijibu kwamba mwili una wasafishaji wake, ini na figo, usiku na mchana, wala hawadai elfu sitini. Kazi yetu ni kutowalemea kwa pombe na kwa dawa za kienyeji tusizozijua.

Akina mama, msije mkasema nimekataza vibichi. La hasha! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na wengi wetu hatufiki hapo. Tunda bichi lina vitamini C ambayo hupungua sana tukichemsha mboga muda mrefu na kumwaga maji yake. Ila moto nao ni rafiki yetu. Nyanya iliyopikwa kwa mafuta kidogo hutoa baadhi ya virutubisho vyake vizuri zaidi kuliko mbichi, na karoti inahitaji mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A.

Tena vipo vyakula ambavyo bila moto ni hatari. Maharage mabichi yana sumu, lazima yalowekwe na kuchemka sawasawa. Muhogo mchungu nao usiuchezee. Mwaka 1985, wilayani Tarime, mkoa wa Mara, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, na baadhi yao walipooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na miguu ikishapooza hairudi kama zamani. Bibi zetu walioloweka na kuanika muhogo siku kadhaa hawakuwa wajinga. Maziwa mabichi pia yachemsheni. Karanga zenye ukungu tupeni, zina sumukuvu. Na kachumbari isiyooshwa kwa maji safi ndiyo mlango wa kipindupindu. Oshani mikono, oshani mboga, na kisu cha nyama kisiguse kabichi.

Basi tulifanyaje? Katika kikao kilichofuata nilieleza yote haya, na akina mama kumi na wawili tukaondoa maombi yetu ya mkopo. Hesabu yake ni shilingi laki saba na elfu ishirini, zikabaki sandukuni. Mwezi ule ule zilikopeshwa kwa wenzetu wawili, mmoja wa genge la mboga, mwingine wa kuku. Wamerejesha. Tukaamua pia kwamba kwenye vikao vyetu soda na maandazi basi, tukate papai, nanasi na machungwa yanayonunuliwa kwenye genge la mwenzetu. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya, na hata leo mmeyaona mezani.

Afya ni kama hisa zetu. Haikusanywi kwa siku saba. Tunda moja leo, mboga kesho, kutembea kidogo, kupima presha na sukari, ndiyo haba na haba yenyewe. Akija mtu na pakiti ya miujiza, kwanza mpelekeni kwa mweka hazina! (Vicheko.)

Kwa maneno hayo machache nawatakia miaka kumi mingine yenye afya na baraka.