Kishikwambi Hakijui Jina la Mtoto

(Maelezo yaliyotolewa mjini Shinyanga mbele ya wanakamati wa parokia na wafadhili, kuhusu mafunzo ya wakutubi wa watoto.)



Nimeombwa niseme juu ya kuwafundisha wakutubi wa watoto matumizi ya intaneti na zana shirikishi, yaani zile ambazo mtoto hatazami tu, bali anagusa, anajibu na kutunga. Nitaanza na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

Tulipoanza kusaidia chumba kimoja cha kusomea watoto, fedha karibu zote zilikwenda kwenye vifaa. Vilikabidhiwa kwa risala, picha zikapigwa, kisha vikafungiwa kabatini. Miezi mingi baadaye tulivikuta vimefunikwa kwa kitambaa safi, havina hata mkwaruzo. Mama aliyetunza chumba kile alikuwa ametia saini ya kuvipokea, lakini hakuna aliyekaa naye hata siku moja kumwonyesha vinavyotumika. Aliogopa kwamba kimoja kikivunjika mikononi mwa mtoto, atadaiwa yeye. Mama yule hakuwa mvivu. Alikuwa mwaminifu kwa mali aliyokabidhiwa. Uzembe ulikuwa wetu.

Watoto tunaowazungumzia

Ninyi mnaotoka Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na upande wa Kahama kule Kakola, mnawajua watoto hawa kuliko mimi. Dhahabu ikisikika mahali pengine, familia inafunga mizigo, na mtoto anaacha shule katikati ya muhula. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini mwetu. Geita na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ambayo watafiti wake walifika. Waliwakuta watoto wa umri wa miaka 8 wakichimba, wakibeba mawe, na wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Hata mtoto aliye shuleni ana shida yake. Tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, wengi wameandikishwa, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini madarasa yamejaa, na mwalimu hana muda wa kumsikiliza kila mtoto akisoma.

Chumba cha vitabu hakimdai mtoto sare wala kumuuliza yuko darasa la ngapi. Aliyetoka kwenye karasha na vumbi lake anaweza kuingia akanawa mikono, akaketi. Swali ni moja tu: atamkuta nani ndani?

Je, kifaa peke yake hakitoshi?

Wafadhili wengine wametuuliza: kwa nini msiwagawie watoto vishikwambi, wakajifunza wenyewe? Ni swali la haki, na jibu lake lipo hapa hapa Tanzania.

Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili. Shindano lilihitimishwa mwaka 2019. Kabla ya majaribio, asilimia 74 ya watoto hao walitajwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, kwa watoto waliotumia programu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu.

Hayo ni mafanikio makubwa, na anayesema kifaa hakina faida hasemi kweli. Lakini tuisome hesabu hiyo mpaka mwisho. Karibu nusu walibaki pale pale, hawasomi hata neno. Kifaa kilimfikia mtoto mwepesi. Yule mwenye aibu, mwenye macho mabovu, au aliyekuja na njaa, alihitaji mtu wa kumwona na kumwita kwa jina. Hata huko Tanga, kinamama wa vijijini ndio walioaminiwa kusimamia uchajishaji wa vishikwambi kwa umeme wa jua. Bila mtu, hata betri haijai.

Mafunzo yenyewe

Nchi yetu haianzi sifuri. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani, na wakutubi wanasomeshwa katika chuo cha Bagamoyo. Lakini vyumba vyetu vya parokia vinatunzwa na watu wa kujitolea ambao hawajafika Bagamoyo. Hao ndio tunaowalenga, na tunapendekeza hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuondoa woga. Mkutubi awashe, azime, akosee, arudie. Kamati imwandikie barua kwamba kifaa kikiharibika katika matumizi halali, hatalipa yeye. Barua hiyo ina thamani kuliko semina ya siku mbili.

Hatua ya pili ni kutafuta na kuchagua. Mkutubi ajue kwamba tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, ina hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ajue kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni. Ajue vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, vinavyofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na katuni. Halafu ajifunze kuuliza juu ya kila tovuti: nani ameiandika? Ina matangazo gani? Je, inamtaka mtoto ajaze jina na namba ya simu? Kama inamtaka, aifunge.

Hapa wengi husema, “Kwetu mtandao ni wa kubahatisha na bando ni ghali.” Ni kweli. Ndiyo maana tunafundisha kupakua mara moja na kutumia mara nyingi. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri. Mkutubi anakwenda mjini kwenye mtandao mzuri, anapakua masomo na hadithi, anarudi nayo kijijini. Kompyuta moja inakuwa seva, na vishikwambi vinasoma kutoka kwake bila intaneti. Anayeweza kunakili nyimbo za kwaya kwenye flashi hatashindwa.

Hatua ya tatu ndiyo kiini: kusoma pamoja na watoto. Tunafundisha kishikwambi kimoja kwa watoto watano. Mkutubi anasoma kwa sauti, anasimama kabla ya kugeuza ukurasa, anauliza, “Mnadhani nini kitatokea?” Kisha kifaa kinazimwa na watoto wanaigiza hadithi.

Baadaye watoto watunge yao. Tovuti hiyo hiyo ya African Storybook inamruhusu mkutubi kuchagua picha, kuandika maneno yake, au kutafsiri hadithi iliyopo. Bibi akisimulia kwa Kisukuma, mkutubi aandike kwa Kisukuma na Kiswahili, achapishe, ashone kwa uzi, aweke rafuni. Mtoto wa machimboni akiona hadithi ya nyumbani kwao imekuwa kitabu, atarudi kesho.

Majirani zetu wamejaribu pia. Katika maktaba ya umma ya Kibera, Nairobi, watoto wa shule za msingi walitumia vishikwambi vyenye masomo ndani ya maktaba, wakutubi wakiwa karibu. Kifaa hakikuchukua nafasi ya mkutubi.

Kuwalinda watoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za watu. Mkutubi asiweke mtandaoni picha ya mtoto, jina lake wala kijiji chake. Na hapa tuseme ukweli: sisi tunaoandika taarifa kwa wafadhili ndio wa kwanza kupenda picha ya mtoto mwenye vumbi ameshika kishikwambi. Mfadhili mwema ataridhika kusikia mtoto amesoma, hata asipouona uso wake.

Ombi langu

Kwa kamati za parokia naomba mambo matatu. Mtaje mtu mmoja wa chumba cha watoto, na msimhamishe kila uchaguzi wa viongozi unapofika. Mfungue chumba saa ambazo watoto wa machimbo wana nafasi, jioni na Jumamosi. Na muweke daftari: mtoto gani alikuja, anasoma nini, mwezi uliopita alikuwa wapi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hilo libaki ndani ya kabati, si mtandaoni.

Kwa wafadhili naomba jambo moja. Mkituandikia bajeti ya vishikwambi kumi, ruhusuni tununue vichache, na fedha inayobaki imlipie mkutubi nauli ya mafunzo, bando, na mtu wa kumtembelea kila baada ya miezi mitatu. Najua kifaa kinaonekana kwenye picha na nauli haionekani. Lakini yule mama wa kitambaa safi, alipofundishwa, alitoa vifaa vyote kabatini. Leo vina mikwaruzo, na kimoja kimepasuka kioo. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kifaa kilichochakaa.