Ndege wa Bonde la Sabaki: Anza Kuwaangalia Uani Kwako

(Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa kando ya Mto Sabaki, Kaunti ya Kilifi)



Anayeishi kando ya Mto Sabaki ana majirani wengi kuliko nyumba anazoziona. Asubuhi kuna tetere juu ya mwembe, chozi kwenye maua ya mgomba na mnana wakishindana kusuka viota juu ya maji. Usiku kuna komba mtini, bundi juu ya paa na kiboko anayepanda kutoka mtoni kutafuta majani. Mkazi anayewajua majirani hawa hulinda shamba lake vizuri zaidi, huwaepusha watoto na hatari, na huwa na la kusema siku bonde linapoharibika. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Mto wenyewe huanza mbali. Huitwa Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, kisha Sabaki unapokaribia bahari kaskazini ya Malindi. Njiani huzoa udongo mwekundu, na udongo huo hutua mloni. Hapo pana mchanga, tope, mikoko na vidimbwi, na ndani ya tope mna minyoo, kaa wadogo na konokono. Kwa ndege wa majini, hicho ni chakula kilichoandaliwa. Ndiyo maana mlango wa Sabaki umo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya.

Wageni wa mahali hapo huja kwa zamu. Kuanzia karibu Septemba hadi Aprili, wakati ambao sehemu kubwa ni msimu wa kaskazi, huja wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Wamo mbayuwayu wanaoonekana juu ya mashamba, na vitwitwi wanaokimbia ukingoni mwa maji. Baadhi ya vitwitwi hao wametaga mayai yao huko Siberia, na mmoja hafikii uzito wa gramu 100. Upepo wa kusi unapoanza, wageni hao wanakuwa wameondoka na wengine wanakuja kutoka upande wa pili. Mmoja wao ni ndege wa kahawia, mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, anayezaliana Madagaska. Huonekana kwa makundi makubwa kwenye mlango wa Sabaki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa huwavuta watalii, na watalii huhitaji kijana wa hapa anayejua njia na majina ya ndege.

Kuangalia ndege hakuhitaji darubini, ingawa ikipatikana inasaidia. Saa za kwanza baada ya jua kuchomoza ni bora, kwa sababu ndege wanatafuta chakula na jua bado halijawa kali. Kaa kimya mahali pamoja kwa dakika 20. Tazama ukubwa, mdomo, miguu, rangi na namna ndege anavyotafuta chakula chake. Mwenye mdomo mrefu uliopinda anachokoa topeni. Mdiria hutulia tawini kisha akajitupa. Furukombe huchukua samaki kwa kucha. Mloni, angalia pia maji. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope. Yakianza kujaa, husogezwa karibu na nchi kavu na kuonekana vizuri. Usiwakimbize ili kupiga picha, kwani ndege anayerushwa mara kwa mara hakosi kula tu, bali pia hupoteza nguvu za safari yake.

Wapo ndege watatu ambao watu huwahukumu bila kuwajua.

Wa kwanza ni bundi. Wengi humhesabu kuwa mleta msiba, wakamtupia mawe. Lakini bundi anayekuja juu ya paa amefuata panya, na panya wamefuata mahindi yaliyomo ghalani. Anayemuua bundi huwa amewafungulia panya mlango. Na anayetega panya kwa sumu, kisha akamwacha panya mgonjwa akizurura, humuua bundi bila kumgusa.

Wa pili ni mnana. Ni kweli baadhi yao hula nafaka, na mkulima ana haki ya kulinda jasho lake. Watoto wa kuamia, makopo ya kelele na kuvuna kwa wakati ni njia salama. Nafaka iliyotiwa sumu si njia salama: humuua njiwa, kanga na kuku wa jirani, na ndege waliokufa kwa sumu wakipikwa huweza kumdhuru mlaji. Tena si mnana wote ni sawa. Kuna mnana mmoja, dume lake lina kichwa cheusi na tumbo la manjano, ambaye duniani kote hupatikana Kilifi tu. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1913, lakini mahali anapotagia palijulikana miaka 100 baadaye, mwaka 2013, katika kinamasi cha Dakatcha, kaskazini ya mto huu. Ndege huyo yumo hatarini kutoweka. Kinamasi kinachojaa wakati wa mvua na kukauka baadaye huonekana kama ardhi ya bure, kumbe ndiyo nyumba yake.

Wa tatu ni kunguru wa India, mwenye shingo ya kijivu. Huyu si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, pamoja na vifaranga wa kuku. Asichanganywe na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Kinachomlisha zaidi ni taka. Pipa lenye kifuniko, shimo la taka linalofukiwa na mabaki ya samaki yasiyotupwa ovyo vinampunguza bila gharama kubwa.

Sasa kuhusu wanyama wa hatari. Kiboko hutoka majini jioni na hurudi alfajiri kwa njia zake mwenyewe. Njia hizo zijulikane na kila mtu nyumbani. Asisimame mtu kati ya kiboko na maji, na asimulikwe wala kutupiwa mawe ili watu wacheke. Mamba naye hujifunza mazoea ya watu. Anayeteka maji kila siku mahali pale pale, saa ile ile, anamfundisha mamba pa kungojea. Teka kwa ndoo yenye kamba, simama mbali na ukingo, na usiwaache watoto waogelee. Tukio lolote liripotiwe haraka kwa chifu na kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Madai ya fidia hupitia kamati ya kaunti iliyowekwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Mwenye tarehe, mahali na picha husikilizwa kwa urahisi kuliko mwenye maneno matupu.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Kila nyumba, au kila darasa la shule, inaweza kuwa na daftari moja. Andika tarehe, saa, mahali, ndege au mnyama aliyeonekana, idadi yake na alichokuwa akifanya. Kama jina halijulikani, eleza umbo na rangi. Jina la Kigiriama linatosha pia. Nchini kuna mradi wa Kenya Bird Map, ambao wananchi wa kujitolea huuandikia ndege wanaowaona katika kila kipande cha nchi. Kila mwaka, mwezi wa Januari, ndege wa majini huhesabiwa, na Nature Kenya pamoja na Makumbusho ya Taifa hushiriki kazi hiyo. Mtoto aliyezoea daftari la nyumbani ataweza kusaidia.

Daftari hilo lina faida siku ya mashauriano. Watu wanapokutana kujadili uchimbaji wa mchanga, ukataji wa mikoko au ukaushaji wa kinamasi, swali la kwanza huwa: kuna nini pale? Asiye na maandishi husema, "Kuna ndege wengi." Mwenye maandishi ya miaka mitatu husema ni ndege gani, wangapi, mwezi gani, na lini walipungua. Jibu la pili ni gumu kupuuzwa.

Basi kesho asubuhi, kabla ya jembe na kabla ya shule, keti uani dakika 20. Andika watano wa kwanza utakaowaona. Kesho kutwa andika tena. Kazi ya kulinda bonde ianze hapo.