MIZANI YA ZAHANATI NAYO IPIMWE

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja, mfanyakazi wa reli, mbele ya wafanyakazi wenzake, Jilore)



Leo sina maneno ya mshahara. Nataka kusema habari za mizani. Mtacheka, maana kazi yangu ni kupima mizigo ya reli, na hapa kwetu Jilore hapana reli. Lakini mizani tunayo sote, nayo ni ile ya zahanati.

Zamani mtoto alitiwa katika suruali ya kitambaa, akaning'inizwa, na mshale ukazunguka. Siku hizi hukanyaga ubao, na tarakimu hutokea. Wengi hudhani ndani mna akili. Sivyo. Ndani mna kipande cha chuma. Mtu akisimama juu, chuma hupinda kidogo mno, hata jicho halioni. Juu yake umegandishwa uzi mwembamba wa madini. Chuma kikipinda, uzi huvutika, na umeme hupita kwa taabu zaidi. Jambo hilo alilieleza mtaalamu William Thomson mwaka 1856. Mwaka 1938, huko Marekani, Simmons na Ruge, kila mmoja peke yake, walilifanya kuwa kipimo. Chombo kidogo hugeuza tofauti hiyo ya umeme kuwa kilo.

Basi mizani haimjui mtoto. Yajua kupinda kwa chuma tu.

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kwenye zahanati moja, ana malaria. Mizani ikasema kilo 14.3. Nikatazama chini: ubao umeegemea ukuta. Sisi wa reli twajua, gurudumu moja la behewa likibaki nje ya mizani, uzito hupungua. Nikamwomba muuguzi, kwa adabu, tuusogeze. Akakubali. Ikasema kilo 15.2.

Ndugu zangu, tofauti hiyo si ndogo. Dawa ya AL hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara, na wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2, mara 6 kwa siku 3. Mwanangu angalipata nusu ya dawa yake.

Kwa hiyo nawaomba mshike mambo matatu. Kwanza, mizani ikae juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, isiguse kitu. Pili, itazameni: kabla ya mtoto kupanda isome sifuri. Tatu, tuziombe kamati za zahanati ziweke jiwe la kilo 10 lililopigwa muhuri, mizani ijaribiwe kila asubuhi.

Mizani ya sukari dukani hukaguliwa na kupigwa muhuri kwa sheria. Je, mtoto wa mfanyakazi ni duni kuliko sukari?

Msimlaumu muuguzi, naye ni mfanyakazi kama sisi, na watu wamemjalia mlangoni. Msaidieni kutazama.

Umoja ni nguvu.