Ngoma za Baada ya Mavuno Usukumani: Nini Kinachohuishwa?

Utungo wa fasihi simulizi hauishi katika maneno peke yake. Huishi pia katika majira yake, mahali pake na hadhira yake. Kwa hiyo, anayekusudia kuhuisha ngoma iliyofifia hana budi kujiuliza kwanza anahuisha nini: mwendo wa miili, au uhusiano wa watu uliouzaa mwendo huo?

Katika vijiji vya Usukuma, Songwa ya wilayani Kishapu ikiwa miongoni mwavyo, mvua ni wakati wa jembe. Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni, huwa ni wakati wa ngoma. Vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake huhusishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, hushindana uwanjani. Makundi hayo hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni lile lililovuta watu wengi zaidi. Hadhira huhukumu kwa miguu yake. Ndiyo maana ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hawezi kutegemea wimbo wa mwaka jana. Na ndiyo maana wachezaji hubuni vituko, huleta nyoka na hutafuta dawa za mvuto.

Uhuishaji wa ngoma hizi una historia. Huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alisaidia kuanzisha Makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950. Tamasha la Bulabo, linaloambatana na Sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, liliupa ushindani wa zamani uwanja mpya. Nayo bugobogobo, ngoma ya majembe, ilifika majukwaa ya taifa.

Uingereza inatoa mfano wa kulinganisha. Mjini York, vyama vya mafundi viliigiza visa vya Biblia juu ya magari ya kukokotwa, mtaa hadi mtaa, hadi mwaka 1569. Maigizo hayo yalipohuishwa mwaka 1951, yalifanyika mahali pamoja, katika magofu ya abasia ya St Mary's. Maneno yalirudi kwa kuwa yalikuwa yameandikwa. Msafara wa mitaani ukasubiri.

Usukumani hatari ni kinyume chake. Jukwaa la dakika kumi, mbele ya watazamaji wasiojua Kisukuma, huhifadhi jembe linalorushwa hewani na kuacha maneno ya ningi: kejeli, sifa, maonyo na habari za mwaka. Trekta na plau zimekwisha kupunguza kazi ya mikono iliyozaa nyimbo nyingi. Zikipotea na nyimbo zenyewe, maandishi ya kuzirejesha ni machache.

Kwa hiyo mambo mawili yanahitajika. La kwanza, nyimbo zirekodiwe na kuandikwa kwa Kisukuma, pamoja na tafsiri ya Kiswahili na maelezo ya muktadha. La pili, mashindano yabaki na hakimu wake wa asili. Jopo la waamuzi linaweza kutoa alama za mavazi na mpangilio, lakini haliwezi kumlazimisha ningi kutunga upya. Wenye uwezo huo ni watu wanaoweza kumwacha na kwenda upande wa pili wa uwanja.