Nani atabaki na mtoto anayekohoa?

Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa chama, baada ya matembezi ya watoto kule Lwiro



Mumetuomba sisi wajitoleaji saba tueleze namna siku ya Lwiro ilivyopita. Tuseme ukweli, tulikuwa tumeandika ripoti ya ukurasa mmoja tu: basi, chakula, watoto 42, asante. Lakini katika mkutano uliopita papa mmoja wa chama alisimama akatoa ulizo ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Nyumba haziko na mabati, batoto banafukuzwa ku masomo juu ya feza, na nyinyi munabapeleka kuangalia basokomutu?"

Papa alikuwa na haki ya kuuliza. Ndiyo maana leo tunamjibu kwa kueleza siku yenyewe, pamoja na mahali tulipokosea.

Kwanza, watoto hawa ni nani. Sisi wakubwa tunasema "tumerudi". Tulitoka Nyarugusu kule Tanzania, wengine Burundi, wengine mahali pengine, tukarudi. Lakini watoto wetu wengi walizaliwa hukohuko. Mtoto aliyezaliwa kambini hawezi kurudi Bukavu. Yeye anafika Bukavu kwa mara ya kwanza, tena anafika pamoja na wazazi wanaolia kwa furaha mbele ya vilima ambavyo yeye hajawahi kuviona. Halafu anaenda masomoni. Anasema "mtoto", wenzake wanacheka: hapa tunasema "mutoto". Anasema "ugali", wanacheka: ni "bugali". Wanamwita mukimbizi, na huku ni kwao. Tunajua watatu kati ya wale 42 ambao walikuwa wameacha kusema kitu chochote darasani. Walimu walidhani ni wagonjwa wa masikio.

Ndiyo sababu tulitaka siku moja ambayo hakuna anayepimwa, hakuna anayeandikwa kwenye liste ya msaada, na hakuna anayeulizwa alitoka wapi. Siku ya kucheza, basi.

Kwa nini Lwiro? Ni karibu, kama kilometa 45 kutoka mjini, ukifuata barabara ya Mudaka, Miti na Kavumu. Tena ni mahali ambapo mtoto anaona kwamba inchi hii ina vitu vingine, si vita tu. Wazee wanajua: tangu mwaka wa 1947 Wabelgiji walianzisha shirika la utafiti ambalo makao yake yalijengwa pale, na leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili. Kuna majengo makubwa ya zamani, bustani, maktaba, na vyombo vya kupima mitetemeko ya ardhi. Wale waliokuwa hapa tarehe 3 Februari 2008, siku ardhi ilipotikisika na nyumba zikaanguka Bukavu, wanajua kazi ya vyombo hivyo. Tangu mwaka wa 2002 kuna pia makao ya sokomutu na makako walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Sokomutu peke yao wanapita 100. Ngambo ya magaribi kuna pori la Kahuzi-Biega, ambalo watoto wetu wanalisikia tu wakati wazazi wanaongea kwa sauti ya chini kuhusu silaha.

Mama mmoja alikataa kabisa mara ya kwanza. Alisema: "Njia ile mimi niliikimbia kwa miguu. Sasa munataka nimutume mutoto wangu kwa furaha?" Hatukumsukuma. Tulirudi kwake mara tatu. Siku ya tatu akatoa binti yake wa miaka 8, akatuambia: "Munanirudishia yeye mwenyewe, si habari yake." Mulishike neno hilo, tutalirudia.

Tukaondoka saa moja asubuhi. Ni kiangazi, munajua vumbi. Walipofika Mudaka walikuwa na rangi moja wote. Mmoja alitapika, wawili wakatapika kwa kumwona yule wa kwanza. Yule kati yetu aliyeleta mifuko ya plastiki alipendwa sana siku ile.

Kosa letu la kwanza tulilijua mlangoni. Kule kwa sokomutu kuna sheria: mtu mwenye kikohozi au mafua hakaribii. Sokomutu anapata magonjwa yetu kwa urahisi, na mafua ambayo kwetu ni kitu kidogo yanaweza kumuua. Sheria ile tuliijua. Lakini tuliwaambia watoto ndani ya basi, tukiwa njiani, badala ya kuwaambia wazazi kabla. Basi kijana mmoja wa miaka 10 akakohoa mlangoni. Akazuia, akakohoa tena. Mlinzi alimwambia kwa upole kwamba yeye atangojea nje.

Mtoto hakulia. Alijibu: "Haina shida. Nimezoea."

Sisi saba tukatazamana. Tuseme wazi, kila mmoja wetu alitaka kuingia. Kati yetu kuna waliozaliwa Kavumu, pale karibu, na hawajawahi kuona sokomutu hata siku moja. Kwa dakika nzima hakuna aliyefungua kinywa. Halafu mama mkubwa kuliko sisi wote akaweka kikapu chini, akasema: "Mimi nitabaki naye. Magoti yangu yananiuma." Magoti yake hayakuwa yanamuuma. Asubuhi tulimwona akipanda basi mbele ya vijana.

Ndani, watoto walifurahi kuliko tulivyotumaini. Sokomutu mmoja alikuwa anashika chakula kwa mguu, na watoto wakaanza kujaribu kushika biskuti zao kwa vidole vya mguu. Walicheka mpaka mlinzi akaomba wapunguze sauti. Kisha binti mmoja akamuuliza: "Bale batarudia kwabo siku gani?"

Mlinzi alimweleza vizuri. Kwamba wengi waliletwa wakiwa wadogo sana. Wawindaji waliua mama juu ya nyama, wakafunga mtoto kwa kamba ili wamuuze. Sokomutu mdogo anakaa na mama yake miaka mingi akijifunza chakula gani kiko pori, nani wa kuogopa, namna ya kutengeneza kitanda juu ya mti. Kama hakujifunza hayo, na kama pori lenyewe lingali na wawindaji, kumrudisha si jambo la kufungua mlango tu. Kwanza wanamtafutia wenzake, anajifunza kukaa nao. Hiyo peke yake inaweza kuchukua muda mrefu.

Wandugu, hatupendi mtu afananishe watoto wetu na wanyama, na sisi hatukufananisha. Ulizo lilikuwa la binti mwenyewe. Lakini wakubwa tuliokuwa pale, kila mtu alitafuta mahali pengine pa kutazama.

Tulipotoka nje tulikuta nini? Yule kijana na mama yetu walikuwa wameketi chini ya mti. Mama alikuwa amemwambia hajui kutengeneza mupira. Kijana akashangaa, mtu mzima namna gani hajui? Akaokota mifuko ya plastiki, akaomba kamba za migomba kwa watu wa pale, akafunga, akakaza. Wakati wengine wanafika wakipiga kelele juu ya sokomutu, yeye alikuwa na mupira mkononi. Na munajua sheria ya mupira duniani kote: mwenye mupira ndiye anachagua watu wa timu. Tangu saa ile alikuwa mtu mkubwa. Hata watoto wa Lwiro wenyewe, wanaoongea Mashi, waliingia mchezoni, na hakuna aliyecheka maneno ya mwingine, kwa sababu "pita", "piga" na "gol" ni sawasawa kambini na kijijini.

Chakula kilikuwa viazi, maharagi na sambaza. Hapo ugomvi ukaanza. Watoto waliotoka upande wa Tanganyika wakasema hii ni dagaa. Wa Bukavu wakasema hapana, ni sambaza, samaki wa Kivu. Mmoja wetu aliyefundisha zamani akawaambia jambo ambalo hata sisi wengine hatukulijua: zamani samaki huyu hakuwamo katika ziwa Kivu. Alitolewa Tanganyika, akaletwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Akazaa, akajaa ziwa, na leo wavuvi wa Kivu wanaishi kwa yeye. Kijana mmoja akatazama sahani yake akasema: "Kumbe naye alikuja tu." Wakacheka, wakala.

Sasa kosa la pili. Hili ni gumu kulisema, lakini munatupa watoto wenu, munapaswa kulijua.

Saa kumi tulihesabu watoto ndani ya basi. 42. Tukahesabu tena, 42. Basi likaondoka. Hatujafika mbali, watoto wakaanza kupiga kelele nyuma: "Huyu hatumujui!" Mtoto mmoja wa Lwiro, kijana wa miaka kama 6, alikuwa amepanda kuangalia basi kwa ndani, akakaa, akahesabiwa. Alikuwa amefurahi kabisa. Lakini kama yeye alikuwa wa 42, wetu mmoja alikuwa wapi?

Alikuwa ni yule binti wa miaka 8. Wa mama yule.

Tulirudi. Tulimkuta kando ya njia, karibu na wamama waliokuwa wanauza miwa. Wamama wale walimkalisha, wakampa kipande cha muwa. Hakuwa ameumia. Lakini hakusema neno mpaka tukapita Kavumu, na mmoja wetu alimshika mkono njia yote. Yule kijana mdogo tulimrudisha kwa dada yake, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kumtafuta.

Wengine kati yetu walisema: mtoto yuko muzima, kwa nini kumwogopesha mama? Tulibishana ndani ya basi. Mwishoni tulikubaliana. Jioni ileile, wote saba, tulienda kwa mama yule tukamwambia kila kitu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: "Na yule mwingine, mama yake alijua mulikuwa munaenda naye?" Tukajibu hapana. Akatikisa kichwa, akasema: "Mara ingine mimi nitaenda nanyi. Nitahesabu mimi."

Ameingia katika kundi letu. Sasa tuko wanane.

Tumebadilisha mambo manne. Hatuhesabu tena vichwa, tunaita majina, na mtoto anajibu kwa sauti yake. Kila mkubwa ana watoto sita wake, anawajua kwa uso tangu siku moja kabla. Wazazi wanaambiwa sheria zote kabla ya safari, pamoja na ile ya kikohozi. Na kabla ya kutoka mjini tunachagua mtu mmoja ambaye kazi yake ni kubaki: kama kuna mtoto anayekohoa, anayeogopa, aliyetapika, asiyetaka kutembea, mtu huyo anajua tangu asubuhi kwamba yeye pengine hataona kitu. Tunaikamata kazi hiyo kwa zamu. Ukweli ni kwamba ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo watoto wanaikumbuka.

Kwa wandugu wafadhili: mutaona kwamba hatukutuma picha za nyuso za watoto. Tunajua picha inasaidia kuomba. Lakini watoto hawa wameandikwa na kupigwa picha tangu walipozaliwa, na siku hii ilikuwa ya kutopigwa. Tumetuma picha ya mupira. Hesabu za basi na chakula ziko kwa muweka hazina, kila karatasi, na kila mwanachama anaweza kuzisoma. Feza ya mabati haikuguswa hata franka moja.

Papa, tunarudi kwa ulizo lako. Matembezi hayawezi kuweka bati juu ya nyumba, wala hayalipi masomo. Hatutasema uongo. Lakini katika wale watatu waliokuwa hawasemi darasani, mmoja sasa anasema. Mwalimu wake alituuliza tulimpa dawa gani. Hatukumpa dawa. Ni yule mwenye mupira. Wale wawili wengine bado, na hatujui kama siku moja ya kucheza inatosha kwao. Tunadhani haitoshi.

Kwa hiyo hatukuombeni feza leo. Tunawaomba watu. Likizo kubwa ijayo tunataka kupeleka watoto wengi zaidi, na kwa kila watoto sita tunahitaji mtu mzima mmoja, siku moja, tangu alfajiri hadi jioni, simu ikiwa mfukoni. Tena tunahitaji wale walio tayari kubaki nje ya mlango.

Papa uliyeuliza, jina lako tumeliandika la kwanza. Ukikataa utalifuta mwenyewe.