Pompi itakula nini?



Hapa Goma ziwa liko mbele ya macho, lakini bidoni ni tupu. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano: mvua inanyesha, mawe yanaimeza. Maji ya robine yanatoka Ziwa Kivu, na ni pompi za umeme zinazoyapandisha. Mwezi wa kwanza 2025 vita vilipokata umeme, pompi zilisimama. Watu wakarudi ziwani na bidoni, wakanywa maji yasiyotiwa dawa. Kipindupindu sote tunakijua.

Na maharagi? Yanakula maji, yanakula makala, na makala mengi ya mji huu ni miti ya Virunga. Tukiyaloweka tangu jioni, makala yanapungua.

Viongozi, mkipanga mahali pa robine, ulizeni kwanza: umeme ukikatika, pompi itakula nini? Paneli za jua zisaidie. Mabati ya shule yakinge mvua katika matangi, maana majira siku hizi hayaaminiki. Na kwenye foleni ndipo ugomvi unapozaliwa kati ya wenyeji na sisi tuliohama. Wamama waingie katika kamati ya maji. Wao ndio wanaosimama pale tangu alfajiri.