Tetemeko la Subukia likirudi, nyumba yako itasimama?

Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wakazi wa Kiamunyi



Usiku wa tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, kaskazini mwa Nakuru. Ardhi ilipasuka kwa takriban kilomita 38. Wakati huo sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa mashamba yenye nyumba chache. Leo tumejaa ghorofa.

Hebu tufanye zoezi. Si utabiri, kwani hakuna mtaalamu anayeweza kutaja siku. Tuseme ni saa nne usiku na tetemeko kama lile limetokea. Stima imepotea. Ukuta wa ploti uliojengwa bila nguzo umeangukia njia. Tanki la lita 10,000, yaani tani 10 za maji, linayumba juu ya mnara wake. Wapangaji wa ghorofa ya nne wanakimbilia ngazi moja gizani. Je, ufunguo wa geti uko kwa nani?

Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu zaidi ya 15 huko Bukoba, Tanzania. Nguvu yake ilikuwa takriban sehemu moja ya thelathini ya lile la Subukia. Mara nyingi kinachoua si mtikisiko wenyewe, ni jengo linaloanguka.

Wenye ploti, fuateni ramani iliyoidhinishwa, na msiongeze ghorofa ambayo msingi haukupangiwa. Muulizeni fundi kama kuta zote zimefungwa kwa mkanda wa zege na vyuma. Wapangaji nanyi mna haki ya kuuliza.

Nyumbani, fungeni kabati ukutani, wekeni tochi karibu na kitanda, na mkubaliane mahali pa kukutana nje. Ardhi ikitetemeka, ingieni chini ya meza imara na mshikilie mpaka itulie. Msikimbilie ngazi. Ikitulia, fungeni gesi, mtoke, mkae mbali na kuta. Kwa msaada, pigeni 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tunaishi ndani yake, na hatuwezi kuuziba. Basi tujenge ukuta usiotuangukia.